Bampa na ngao za gari: unene wa chuma upimwe kwa kazi yake

Magari mengi yanayofanya kazi katika Kaunti ya Samburu hayabaki jinsi yalivyotoka kiwandani. Pikapu inayopeleka mbuzi soko la Suguta Marmar, Land Cruiser inayobeba abiria na mizigo kati ya Maralal na Baragoi, gari linaloingia Barsaloi kupitia lagani: yakikaa mwaka mmoja au miwili huishia mikononi mwa fundi wa kuchomelea, ambaye huyaongezea bampa la chuma mbele, bamba la kukinga injini chini, au paipu za ubavuni. Kazi hiyo hufanyika papa hapa, katika gereji za Jua Kali, na mafundi wengi wanaijua vizuri.

Kinachoamuliwa haraka mno ni unene wa chuma. Mwenye gari husema tu kwamba anataka kitu kizito. Fundi hutazama bamba lililobaki kutoka kazi ya lango la wiki iliyopita, na kama ni la milimita 6, basi bampa litakuwa la milimita 6. Miezi michache baadaye springi za mbele zimelala, taa zinaangaza chini, tairi zinalika upande mmoja na dereva analalamika kwamba breki hazishiki kama zamani. Hapo lawama humwendea aliyeuza springi.

Unene unaofaa haupatikani kwa jicho, wala haufanani kwa kila sehemu ya gari. Uso wa bampa una kazi yake, mkono unaolishika kwenye chesisi una kazi nyingine, na bamba linaloburuzika juu ya mawe lina kazi ya tatu. Kila sehemu ikipewa unene wake, gari hulindwa vizuri zaidi kwa uzito mdogo zaidi.

Geji ikipanda, chuma kinapungua

Dukani, chuma chembamba huuzwa kwa geji na kile kinene kwa milimita, na hapo ndipo makosa huanzia. Geji huhesabu kinyume: nambari ikiwa kubwa, chuma ni chembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 14 ni kama milimita 2, geji 12 ni kama milimita 2.6, na geji 10 ni milimita 3 na robo hivi. Anayetaka kuongeza nguvu akahama kutoka geji 14 kwenda geji 16 amejipunguzia. Njia salama ni kuzungumza kwa milimita kuanzia dukani hadi gerejini, na kuandika nambari hiyo kwenye karatasi ya makubaliano na fundi.

Kuna pia swali kama bamba linaloitwa la milimita 3 ni la milimita 3 kweli. Mwenye kalipa atapima ukingoni na kujua mara moja. Asiye nayo anaweza kutumia mizani. Chuma chenye unene wa milimita 1 na ukubwa wa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 7.85, na hesabu yote hufuata hapo. Bamba zima la futi 8 kwa futi 4 lenye unene wa milimita 3 linapaswa kuwa na kilo 70 hivi, la milimita 4 kilo 93, na la milimita 6 kilo 140. Bamba la "milimita 3" likipimwa likawa na kilo 60, basi ni la milimita 2.6, na mnunuzi amelipia chuma ambacho hakikuwepo. Kipande kidogo kinatosha kujua ukweli: cha sentimita 30 kwa 30 kina kilo 2.1 kikiwa cha milimita 3, na kilo 4.2 kikiwa cha milimita 6. Hata mizani ya bucha itafanya kazi hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki, kwa hivyo mnunuzi anayeamini amepunjwa ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa maafisa wa biashara na vipimo wa kaunti akiwa na risiti na kipande chenyewe.

Uzito unaosafiri kila siku

Bampa la kawaida la pikapu linakula takriban mita moja na nusu ya mraba ya bamba. Kwa milimita 3 hiyo ni kilo 35. Kwa milimita 4 ni kilo 47. Kwa milimita 6 ni kilo 71, na hapo bado mikono ya kushikia, paipu za juu, na boriti ya ndani hazijahesabiwa. Tofauti kati ya milimita 3 na 6 ni kilo 36, karibu sawa na mitungi miwili ya maji ya lita 20. Tofauti yake na maji ni kwamba mitungi hushushwa ikifika nyumbani. Chuma hakishuki.

Tena bampa halikai juu ya ekseli ya mbele. Linakaa mbele yake, kama mtu aliyekalia ncha ya ubao unaopita juu ya jiwe. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 3.2, lililofungwa bampa la kilo 80 sentimita 80 mbele ya ekseli. Ekseli ya mbele haitabeba kilo 80. Itabeba kilo 100, kwa sababu kilo 20 zimeinuliwa kutoka nyuma. Nyuma kukiwa kwepesi na gari likiwa tupu, breki za kwenye mteremko na usukani wa kwenye changarawe hubadilika, na dereva huhisi hivyo kabla hajajua sababu yake.

Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na aliyelitengeneza, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au katika kitabu cha gari. Kilo za bampa, za ngao ya chini, za keria ya juu na za tairi ya pili ya spea zote hutolewa kutoka kwenye kikomo hicho. Gari la biashara lililofungwa kilo 200 za chuma limepunguza mzigo wake halali kwa kilo 200, yaani abiria watatu hivi. Mwenye gari afanye hesabu hiyo kabla ya kumlipa fundi, kwa maana kuvitoa vyuma baadaye ni gharama nyingine.

Bati la geji 30 lafundisha

Ni kweli kwamba unene huongeza nguvu, na kwa bamba lililonyooka huongeza sana. Bamba la milimita 6 likilinganishwa na la milimita 3 lina uzito mara mbili, huhimili nguvu mara nne kabla ya kupinda na kubaki limepinda, na ugumu wake wa kutonesa ni mara nane. Hesabu hii ndiyo inayowafanya watu waamini unene pekee.

Lakini mtu aangalie paa la nyumba. Bati la geji 30 halifikii hata nusu milimita, na bado linavuka pengo kati ya mbao mbili bila kulegea, kwa sababu limekunjwa. Likinyooshwa likawa tambarare, litaning'inia kama kitambaa. Mkunjo ndio unaobeba.

Kwa chuma cha gari hesabu ni hiyo hiyo. Tuseme fundi ana ukanda tambarare wa upana wa milimita 100 na unene wa milimita 6. Badala yake achukue ukanda wa upana huo huo wenye unene wa milimita 3, lakini kingo zake mbili zikunjwe chini hadi kimo cha milimita 30, uwe kama mfereji uliogeuzwa. Huu wa pili una uzito pungufu kwa karibu robo. Ugumu wake wa kutonesa ni mara 18 hivi ya ule wa kwanza, na unabeba zaidi ya mara mbili kabla ya kupinda moja kwa moja. Hakuna bamba linaloweza kushindana na tofauti kubwa kama hiyo kwa unene tu.

Gereji isiyo na mashine ya kukunjia bado ina njia. Fundi anaweza kuchora mstari kwa grainda hadi karibu nusu ya unene, akakunja, kisha akachomelea mfereji ule kwa urefu wote. Au aweke vyuma vya pembe nyuma ya uso wa bampa, kila baada ya sentimita 30 au 40. Kazi inaongezeka kwa saa chache, chuma kinapungua kwa kilo nyingi.

Aina ya chuma pia hutajwa sana gerejini. Chuma cha daraja la juu, kwa mfano S355 badala ya S275, huhimili takriban asilimia 30 zaidi kabla ya kubonyea kabisa. Ila ugumu wa kutonesa ni ule ule, maana vyuma vyote vya kawaida hunesa sawasawa vikiwa na unene na umbo moja. Anayelipia zaidi ajue analipia kipi.

Mbele ya gari

Kwa bampa la gari linalotumika kila siku, uso wa milimita 3 wenye kingo zilizokunjwa na mbavu ndani unatosha. Gari linalosukuma vichaka au linaloburura mengine kutoka matopeni mara kwa mara lifike milimita 4. Zaidi ya hapo, kwenye uso, ni uzito wa bure.

Mikono inayoshika bampa kwenye chesisi ni jambo tofauti. Hapo nguvu zote hukusanyika kwenye sehemu ndogo, na milimita 6 hadi 8 ndiyo mahali pake. Masikio ya kufungia kamba au mnyororo wa kuvutia gari yawe mazito kuliko yote, milimita 10 au zaidi, na yapitishe mvuto moja kwa moja hadi kwenye chesisi bila kutegemea uso wa bampa. Sikio lililochomelewa kwenye uso wa milimita 3 likang'oka gari likivutwa kutoka lagani, linaruka kama jiwe la kombeo, na walio karibu zaidi ni vijana waliokuja kusukuma.

Bampa lifungwe kwa bolti, lisichomelewe kwenye chesisi. Bolti ziwe na alama 8.8 kichwani, na kwa pikapu zisipungue kipenyo cha milimita 12. Bolti isiyo na alama yoyote ni laini zaidi na hukatika kabla ya chuma kinachoishika. Kuchomelea kwa kukatiza upana wa chesisi hudhoofisha chuma kando ya mshono, na ufa huanzia hapo miezi mingi baadaye. Bolti zina faida nyingine: bampa likiharibika, hufunguliwa.

Wengi hupendelea bampa ambalo halipindi kamwe. Hapa inafaa kufikiri zaidi. Chuma cha chesisi ya pikapu nyingi chenyewe ni cha milimita chache tu. Bampa la milimita 10 likigonga mti, si bampa litakalopinda, ni chesisi. Bampa hutengenezwa upya Maralal kwa siku mbili tatu. Chesisi iliyopinda hurekebishwa kwa shida, na pengine gari halitembei sawa tena. Kisha ile nguvu ambayo chuma hakikuimeza huenda kwa waliomo ndani. Magari mapya yametengenezwa na sehemu za mbele zinazokunjamana makusudi, na yenye mifuko ya hewa yana vihisio vilivyopimwa kiwandani yakiwa na bampa lake la asili. Fundi asikate sehemu hizo, wala asifunge boriti ngumu inayozipita. Kama gari lina mifuko ya hewa na fundi hajui vihisio viko wapi, kazi isianze.

Ngamia ni swali linalorudi kila mara kwa madereva wa usiku. Bampa la unene wowote haliwezi kumzuia ngamia. Linagonga miguu, na mwili wenye mamia ya kilo huanguka juu ya boneti na kuingia kwenye kioo. Kinachosaidia ni taa nzuri na mwendo wa chini. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe bampa hulinda rejeta na taa, na hilo ndilo linaloweza kuahidiwa.

Aliye mbele ya bampa

Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaofariki katika ajali za barabarani nchini Kenya. Karibu na shule, sokoni na kwenye stendi, kitu cha kwanza cha gari kumfikia mtu ni bampa, na kwa mtoto bampa liko usawa wa kifua au kichwa. Bampa la kiwandani hubonyea kidogo na kupunguza pigo. La chuma halibonyei, na likiwa na kona kali au paipu iliyoachwa wazi mwishoni hukata. Umoja wa Ulaya ulitoa maagizo mwaka 2005 kuhusu vizuizi vya mbele ya magari kwa sababu hiyo hiyo, na vile vya chuma kigumu visivyopita majaribio vikakosa nafasi sokoni huko.

Mtu anayeishi mahali ambapo mawe na vichaka vinadai bampa la chuma hawezi kuambiwa asilifunge. Anaweza kuambiwa alifunge kwa heshima ya wengine. Kona ziviringwe. Ncha za paipu zizibwe na kupindwa kuelekea nyuma. Bampa lisizidi upana wa gari, na pasichomekwe vyuma vilivyosimama kama mikuki, hata kama vinapendeza. Hili nalo ni sababu ya kukataa milimita 6 kwenye uso: chuma chembamba kilichokunjwa kina nafasi fulani ya kubonyea.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na vifaa vyake vyote viwe katika hali isiyohatarisha watu. Namba ya gari isomeke, taa zote zionekane bila kufunikwa na paipu. Magari ya biashara hupitia ukaguzi wa kila mwaka wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, na ni afadhali mwenye gari aulize huko kabla ya kutengeneza kuliko kuambiwa afungue baadaye. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi, isije ikapata sababu ya kubishana siku ya dai.

Jambo moja liwekwe wazi, kwa kuwa baadhi ya njia zetu zina historia ya mashambulizi. Ngao zinazozungumziwa hapa ni za mawe na vichaka. Bamba la kawaida la milimita 6 halizuii risasi ya bunduki ya kivita, na kulifunga milangoni kwa tumaini hilo kunaongeza uzito na kumpa abiria usalama wa uongo.

Tumbo la gari

Ngao ya chini ndiyo sehemu ambayo unene una haki zaidi, na ndiyo inayotegemea sana njia ambayo gari linapita. Anayevuka laga za mchanga upande wa Wamba na Barsaloi anahitaji ngao nyepesi, milimita 3 inatosha, kwa sababu mchanga haupigi bali hukwamisha, na uzito hukwamisha zaidi. Anayekwenda kaskazini ya South Horr, kwenye mawe meusi ya volkano kuelekea ziwani, yuko katika hali nyingine kabisa. Mawe yale ni magumu na yana kingo. Hapo milimita 4 yenye kingo zilizokunjwa ndiyo mwanzo, na milimita 5 au 6 ni kwa gari linalopanda mawe kila wiki na kuburuzika juu yake kwa uzito wote.

Ngao isiguse sampu wala giaboksi. Kuwe na nafasi ya sentimita mbili na nusu au zaidi, na bamba lishikiliwe na viegemeo visivyoachana kwa zaidi ya sentimita 40. Bamba jembamba lisiloegemezwa hupinda hadi likaigusa sampu, na jiwe linaloligonga huwa linaigonga sampu kupitia chuma. Ukingo wa mbele upinde kuelekea juu ili gari lipande juu ya jiwe badala ya kuchimba. Vichwa vya bolti vizamishwe, la sivyo vitanyolewa na mawe na ngao haitafunguka tena ila kwa grainda.

Pawe na tundu la kumwagia oili, na mengine ya kutolea joto na tope. Katika msimu wa kiangazi kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: nyasi kavu hujikusanya kati ya ngao na ekzosi na kushika moto. Gari lililopita mbugani likaguliwe chini kila linaposimama, na ngao isiyofunguka kwa urahisi ni ngao ambayo hakuna atakayeikagua.

Mfano unaotajwa sana na mafundi ni magari ya Rhino Charge, mashindano yanayofanyika nchini tangu mwaka 1989 kuchangia uhifadhi wa misitu. Yana matumbo ya chuma kizito kweli. Lakini yale ni magari ya kushindana kwa saa 10 za siku moja, yakitafuta vituo 13 porini, na mengi hubebwa juu ya trela kwenda na kurudi. Hayabebi abiria 12 na magunia ya unga kila asubuhi. Kuyaiga ngao bila kuyaiga springi na breki ni kuchukua nusu ya mfano.

Paipu za ubavuni

Paipu za kulinda kingo za milango zina kipimo rahisi: ziweze kuinua gari zikiwekewa jeki katikati, kwa sababu jiwe litafanya hivyo hivyo. Paipu ya maji inayoitwa ya inchi moja na nusu ina kipenyo cha nje cha milimita 48. Ya daraja la kati, ambayo dukani huitwa klasi B, ina ukuta wa milimita 3.2 hivi, na ya klasi C milimita 4. Klasi B inatosha kwa gari dogo, C kwa Land Cruiser. Zishikwe kwenye chesisi kwa mikono mitatu au minne kila upande, kamwe zisishikwe kwenye bati la bodi.

Paipu ya maji mara nyingi imepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Ikwanguliwe yote kwa grainda mahali pa mshono, kazi ifanyike nje penye upepo. Maziwa, ambayo wengi hunywa baada ya kazi hiyo, si kinga.

Mshono

Chuma kizuri kilichochomelewa vibaya hakina faida, na unene huongeza ugumu wa kazi. Bamba la milimita 3 hushonwa vizuri kwa kijiti cha geji 12. Milimita 6 huhitaji cha geji 10, kingo zinolewe mshazari kwanza ili moto uingie hadi ndani, na mashine yenye nguvu ya kutosha. Mashine ndogo inayotumika kwa madirisha itaacha mshono unaokaa juu ya bamba la milimita 8 kama nta. Kwa macho unapendeza. Kwa nyundo unabanduka. Mwenye gari asione haya kumwomba fundi achomelee vipande viwili vya taka vya unene ule ule, kisha avivunje mbele yake.

Kabla ya umeme kuguswa, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, kwani mitambo ya kielektroniki ya gari huungua kwa sekunde. Kusiwe na kuchomelea karibu na tangi la mafuta wala paipu zake. Sehemu zilizofungwa pande zote, kama boriti ya ndani ya bampa, zitobolewe tundu chini ili maji yatoke, na zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla hazijafungwa. Chuma cha milimita 3 kinachooza ndani ni cha milimita 2 baada ya mvua chache.

Vijana wanaotaka kuisoma kazi hii vizuri, hasa kukunja, kupima na kujaribu mishono, wanaweza kuuliza katika vyuo vya mafunzo ya kiufundi vilivyo chini ya kaunti.

Bampa na ngao zikishafungwa, gari liendeshwe likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo, kwenye njia linayoijua. Baada ya safari ya kwanza ya kilomita 100 hivi bolti zote zikazwe tena, kwa sababu rangi na kutu iliyokuwa katikati ya vyuma husagika na kuacha ulegevu. Kimo cha mbele kipimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kilinganishwe na kipimo kilichochukuliwa kabla ya kazi kuanza. Kikiwa kimeshuka zaidi ya sentimita mbili, springi ziangaliwe na taa zirekebishwe kabla ya safari ya usiku.